Mfungo wa Mtachoka

Watu wa Tlawi waliendelea kumwita Bwana Mifugo hata baada ya serikali kumwambia kwamba hana mifugo tena. Ile miaka ya kupunguza wafanyakazi walimpunguza na yeye. Walichukua pikipiki, wakafunga josho, wakamwachia koti na buti za mpira. Wenzake waliopunguzwa walifunga mizigo wakarudi makwao. Yeye kwao ni pwani, mbali, na sisi tulisema huyu baridi yetu itamkimbiza kabla ya mvua. Hakukimbia. Alinunua sweta la pili, akalivaa juu ya lile la kwanza.

Jina lake silitaji. Analo, tena zuri. Lakini mimi nina utaratibu wangu, na katika habari hii majina ni ya wakosaji. Miaka mingi nimeambiwa, yaache mama, yamepita, na wanaoniambia hivyo ni wale ambao hayakuwapata. Kwa hiyo nataja. Bura, ndugu wa marehemu mume wangu, namtaja. Tluway wa sindano namtaja. Gwandu wa oili chafu namtaja pia, ingawa yeye tunasalimiana. Mimi niliishia darasa la nne, naandika kama mtu anayelima na jembe lililolegea mpini, lakini jina la mtu naweza kuliandika likasomeka.

Huyu mzee, basi, alifungua chumba kimoja kando ya barabara, akapanga chupa za dawa za mifugo kwenye mbao. Siku hizo kila kitu kiliachiwa. Bei ziliachiwa, mahindi yaliachiwa, dawa zikaachiwa. Mtu aliyekuwa mnadani akiuza viatu vya mtumba, mnada uliofuata alikuwa daktari wa ng'ombe. Tluway ndivyo alivyoanza. Alikuwa na sanduku la bati na sindano moja, na sindano ile ilichoma ng'ombe, mbuzi, punda, na nasikia iliwahi kumchoma na mtu wa Endagikot aliyelalamika mgongo. Watu walimpenda. Huku kwetu mtu akienda kutibiwa akarudi bila kuchomwa, anaona hakutibiwa, na mnyama hivyohivyo.

Kwa Bwana Mifugo ilikuwa kinyume. Duka lake ndilo duka pekee nililolijua ambalo mwenye duka alikuzuia kununua. Unaingia, unamwamkia, shikamoo, anaitikia marahaba, anakupa kigoda. Unasema ng'ombe wangu amekonda, nipe ile chupa ya njano. Anaiangalia chupa, anakuangalia wewe.

"Anakula nini?"

"Anakula majani, Bwana Mifugo. Ng'ombe atakula nini?"

"Majani ya wapi? Anayapata saa ngapi? Anakunywa wapi? Nani anamchunga?"

Unajibu mpaka unachoka. Mwisho anasema, "Chupa hii iache hapa. Nenda kabadilishe malisho, ukirudi ng'ombe hajanenepa, nitakuuzia mbili." Msemo wake ulikuwa ni huo: sufuria kwanza, sindano baadaye. Hata kwa mnyama asiyepikiwa alisema sufuria. Gwandu alisema siku moja, "Mimi kwa yule mzee nilikwenda na hela nikarudi na maneno." Tulicheka, lakini ng'ombe wa Gwandu alinenepa.

Mambo yake hayakulingana, na hilo ndilo lililotufurahisha. Fundi wa mifugo, na alimwogopa jogoo. Jirani yangu Paskalina alikuwa na jogoo mwekundu mwenye kinyongo, ambaye kwa makosa yake ninamtaja mwenye jogoo, na kila Bwana Mifugo alipopita, jogoo alitoka uani kama askari aliyeitwa jina. Mzee mzima, buti mguuni, alizunguka kwa nyuma kupitia shamba la maharage ili asikutane naye. Tukimuuliza anasema, "Ng'ombe ananipiga teke kwa sababu nimemuumiza. Huyu mimi sijamfanya kitu."

Jambo jingine ni mbwa. Yeye ni Mwislamu wa kuswali kwa wakati, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Alikuwa na makoti mawili. La ng'ombe lilining'inia ndani, la mbwa lilining'inia nje kwenye msumari, peke yake, mvua na jua. Akimaliza kumshika mbwa ananawa, anasugua kwa udongo, ananawa tena, ananawa tena, mpaka maji ya ndoo yanakwisha. Katekista wetu alipenda kumchokoza.

"Bwana Mifugo, dini yako inakukataza mbwa, na wewe kila siku unao."

"Inanikataza mate yake, mwalimu. Njaa yake haikunikataza."

Sasa niseme habari ya mbwa wangu, maana humo ndimo nilimojua mzee huyu ni mtu wa namna gani.

Mume wangu alichukuliwa na homa ya matumbo. Homa hiyohiyo ilinilaza na mimi hospitali ya Mbulu mjini, watu wakaanza kuulizana nani atalea watoto. Sikufa. Niliporudi nyumbani nikishikiliwa mkono nilikuta zizi tupu. Bura alikuwa ameswaga ng'ombe wote kwake. Akaniambia, "Shemeji, niliwahifadhi, nilijua hutarudi." Niliporudi hakuwarudisha. Wazee walikaa, wakala, wakanywa, wakasema mali ni ya ukoo. Nilibakiwa na nyumba, shamba la juu, na kondoo. Kondoo walipona kwa sababu walikuwa Gitting, kwa dada yangu aliyeolewa huko, akiwachunga pamoja na wake mpaka nilipowachukua.

Na nilibakiwa na mbwa. Alikuwa mkubwa, rangi ya udongo, kifua cheupe. Nikampa jina jipya, Mtachoka. Bura alikuwa lazima apite mbele ya nyumba yangu akienda kisimani, na kila alipopita mimi nilikuwa na haja ya kumwita mbwa. "Mtachoka, Mtachoka, njoo ule." Huku kwetu jina la mbwa linasema yale ambayo adabu inamzuia mwenye mbwa. Bura alielewa. Hakugeuza shingo, lakini hatua zilibadilika.

Mbwa yule ndiye aliyekuwa ukuta wangu. Fisi wa huku wanashuka mpaka mlangoni, na mwanamke peke yake na kondoo ni chakula kilichopakuliwa. Kondoo ndio walionunua madaftari, chumvi, mafuta ya taa. Bura alikuwa anasubiri kitu kimoja tu: fisi wamalize kondoo, mimi nishindwe, nirudi kwa wazazi wangu, shamba la juu liungane na la kwake. Hakusema. Lakini alikuwa ameshapanda miti ya mpaka upande wa pili wa shamba langu.

Basi Mtachoka akaanza kujikuna. Alianza na masikio, akaja makwapani, akaanza kulamba nyayo mchana kutwa kama mtu anayehesabu vidole. Manyoya yakanyonyoka. Ngozi ikawa nyeusi, nene, ikatoa harufu. Akawa hasikii mlio wa porini kwa sababu ya kujikuna. Mbwa anayejikuna halindi, hana nafasi.

Nikaenda kwa Gwandu, akampaka oili chafu ya trekta. Mbwa akang'aa kama kiatu, akajilamba, akatapika, upele ukabaki palepale. Nikaenda kwa Tluway, akamchoma sindano, akasema moja haitoshi, akamchoma nyingine. Mbwa alilala akitetemeka nikadhani nimezika. Upele ukabaki.

Wakati huohuo, kijiji jirani mbwa aling'ata mtoto. Mtendaji akaitisha mkutano, akasema mbwa wote wagonjwa, wenye upele na wanaozurura, askari wa bunduki atakuja kuwapiga. Bura alikuwa kwenye kamati. Akasimama, akavua kofia kwa heshima. "Mimi naanza na wa kwetu wenyewe. Mbwa wa shemeji anaoza akiwa hai. Watoto wetu watapona kweli?" Watu walinitazama.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, akasimama Bwana Mifugo na masweta yake mawili. "Ndugu Mwenyekiti, ninaomba mpaka mahindi yavunwe. Akiwa bado na upele, mimi mwenyewe nitamshika kamba."

Bura akacheka. "Wewe si ulipunguzwa?"

"Mshahara ndio uliopunguzwa," akasema. "Macho ninayo."

Wakamkubalia, nadhani kwa sababu wale wengine nao walikuwa na mbwa.

Asubuhi yake alikuja kwangu akiwa na koti la mbwa, amepitia shamba la maharage kwa ajili ya jogoo. Alikwangua ngozi ya Mtachoka kwa wembe, akaangalia, akanusa, akampaka dawa ya kuogeshea. Akarudi tena, akapaka tena. Hakuna kilichobadilika. Nilimwambia, Bwana Mifugo, umeshindwa. Akasema, "Nimeshindwa, ndiyo. Wadudu sio wenyewe. Wangekuwa wadudu hata mbwa wa Paskalina angekuwa nao, wanalala pamoja." Akakaa kwenye kigoda. Nikajua maswali yanakuja.

"Mama Safari, alianza kujikuna lini?"

"Tangu Bura achukue ng'ombe."

"Kabla ya hapo alikula nini?"

"Alikunywa maziwa yaliyobaki. Ugali. Na mifupa tukichinja."

"Na sasa?"

"Uji wa pumba. Dada yangu wa Gitting ananiletea na lori la ngano, gunia zima. Ngano huko ni nyingi, pumba anapewa."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Nimpe nini kingine?"

Kisha akaanza kutabasamu, meno yakaonekana yote. "Mama Safari, kuna watu wakila samaki wanavimba macho. Umewaona? Basi nadhani mbwa wako anaikataa ngano, na wewe unampa ngano asubuhi na jioni."

Nikafikiri kidogo. Nikasema, "Kwa hiyo Bura alipochukua ng'ombe, maziwa yakaisha, nikampa pumba, akaota upele."

"Ndivyo ninavyodhani."

"Basi aliyemtia mbwa upele ni Bura."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kitaalamu," akasema, "siwezi kukupinga."

Sijui kama kuna siku niliyofurahi kuliko ile, tangu nitoke hospitali. Mimi nilikuwa nasema miaka yote kwamba Bura ndiye, na watu wananiambia nyamaza, na leo mtaalamu wa serikali, hata kama amepunguzwa, amekaa uani kwangu anasema hawezi kunipinga.

Lakini kudhani si kujua, akasema. Ili tujue, Mtachoka aache kila alichokuwa akila, hata ugali, hata makombo ya maharage. Apewe vitu viwili tu ambavyo hajawahi kuvila. Tukachagua viazi vitamu, ambavyo mimi sikuwa nampa mbwa kwa sababu nani anampa mbwa viazi vitamu. Na nyama ya sungura. Bwana Mifugo alikuwa na sungura nyuma ya duka, masalio ya mradi wa zamani, na watu walimcheka sana kwa sungura wale, wakisema anafuga panya wa Ulaya. Vichwa na matumbo akaniletea mimi. Nachemsha bila chumvi, bila mafuta, nasaga na viazi. Chakula kilinukia vizuri kuliko cha watoto, na watoto walisema hivyo.

Tatizo lilikuwa watu. Kwetu mbwa akimfuata mtu wake kwenye nyumba ya watu, anapewa. Kwenye msiba anapewa, kwenye kazi ya kulimiana anatupiwa machicha ya pombe. Ukimnyima mbwa umemnyima mwenyewe aliyekuja naye. Mtachoka alikuwa anajulikana mlima mzima, alikuwa na nyumba za kupita kama padri wa parokia. Nikaanza kusema, jamani msimpe. Watu wakaudhika. Paskalina akaniuliza, "Chakula changu kina nini? Umeniona nina uchawi?" Akakaa siku nyingi bila kuazima moto kwangu.

Nikamwambia Bwana Mifugo, hili haliwezekani, bora nimfunge kamba. Akasema ukimfunga, kondoo watalindwa na nani. Akauliza jumuiya yetu inasali lini na nyumba ya nani. Nikamwambia. Siku hiyo tulipomaliza rozari tukamkuta amesimama nje, kofia yake ya kuswalia mkononi, anasubiri. Katekista akamkaribisha. Akaingia, akasimama mbele ya picha ya Bikira Maria, akakohoa.

"Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mimi nimekuja kwa habari ya mbwa. Nyinyi mna Kwaresma, sisi tuna Ramadhani. Mtu akiwa kwenye mfungo, ukimpa chakula hujamheshimu, umemharibia. Sasa Mtachoka yuko kwenye mfungo. Mpaka mavuno. Naomba mmsaidie kufunga."

Kisha bibi mmoja, mama yake Gwandu, akauliza kutoka kwenye kona, "Ameungama kwanza?"

Nyumba nzima ilivunjika kwa kicheko. Katekista alikuwa amejifunika uso na kitabu cha nyimbo. Na tangu siku ile mlima mzima ulishika mfungo wa mbwa. Ukipita nyumba ya mtu na Mtachoka, mwenye nyumba anatoka mikono mitupu, anamwambia mbwa, pole sana, vumilia, na wewe mwenyewe unapewa kiti. Watoto wakipita na mahindi ya kuchoma wanayaficha nyuma. Hata mlevi wetu mmoja nilimkuta anamweleza Mtachoka kwamba na yeye alijaribu kuacha ikamshinda.

Harufu ikaisha kwanza. Kisha makwapa yakakauka. Manyoya yakaanza kuchomoza mgongoni, mafupi, kama shamba lililoota baada ya mvua ya kwanza. Nilikuwa nampapasa kila asubuhi.

Kisha masikio yakawa mekundu tena. Akaanza kulamba nyayo.

Mimi moja kwa moja nilimjua mkosaji. Nilikwenda kwa Paskalina bila hata kufunga kanga vizuri. Nikamwambia wewe ndiye, unampa kwa siri. Akaapa. Nikamwambia usiape, naapa mimi. Akasema, "Mama Safari, wewe ulibaki hai ili ugombane." Maneno hayo sijayasahau, maana yana ukweli kidogo. Jogoo wake akatoka, akanifukuza mpaka barabarani, na mbwa wangu, yule anayepambana na fisi, akamtazama tu.

Nikaenda dukani kwa Bwana Mifugo kushtaki, Mtachoka nyuma yangu. Mzee alikuwa anakunywa chai. Yeye chai yake ilikuwa na maandazi sikuzote, ya iliki, mke wake Mama Zuhura alikuwa anayapika kwa mtindo wa kwao, na harufu ilifika barabarani. Nikaanza kueleza: Paskalina hivi, Paskalina vile, mavuno yamekaribia, Bura ameshauliza askari anakuja lini. Alinisikiliza kwa makini, uso umekunjamana kwa huruma. Na huku ananisikiliza, mkono wake ukamega andazi, ukatupa kipande nje ya mlango.

Mtachoka alikidaka hewani.

Mbwa hadaki hivyo siku ya kwanza. Alikuwa ameshakaa pale pake, karibu na kizingiti, kichwa kimeinama upande, anasubiri cha pili. Alikuwa na zamu yake pale kila asubuhi kabla ya kwenda na kondoo, na mimi sikujua.

Bwana Mifugo akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Mama Safari."

"Naam."

"Andazi ni ngano."

"Najua andazi ni ngano."

"Kilikuwa kipande tu. Kidogo kama ukucha. Sikuhesabu kama ni chakula." Akaweka kikombe chini. "Nimemuua?"

"Bado," nikasema.

Nilitaka kukasirika. Mimi kukasirika ni kazi ninayoijua. Lakini nilimtazama mzee yule, masweta mawili, unga wa andazi kwenye kidevu, macho yamemtoka, na kicheko kilinishinda. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye kizingiti na mbwa.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka kisomeke. Hakusubiri. Alitoka hivyohivyo, akapita njia kuu, si shamba la maharage, mpaka uani kwa Paskalina. Jogoo akatoka. Alisimama akapigwa mateke miguuni na jogoo yule, mbele ya watu, akasema kwa sauti, "Mama, umesingiziwa. Aliyempa mbwa ni mimi." Na jumuiya iliposali tena alikuwa amesimama nje, kofia mkononi. Akaingia akasema, "Niliwaomba mfunge, na mimi ndiye niliyefungulisha." Yule bibi wa kwenye kona akasema, "Sasa huyu ameungama." Safari hii hata yeye alicheka.

Tangu hapo mpaka mavuno aliacha maandazi. Alisema hauamini mkono wake. Alikunywa chai na viazi vitamu, anashusha pumzi, na Mtachoka amekaa kizingitini naye anashusha pumzi, wote wawili wanatazama barabara. Mama Zuhura alisema hajawahi kumwona mume wake akifunga kwa uchungu namna ile, hata mwezi wenyewe.

Askari alikuja mahindi yakiwa juani. Wenye mbwa wengi walikuwa wameshawaficha korongoni. Mimi sikumficha. Nilimsafisha, nikamkalisha mlangoni. Bura alikuja amemtangulia askari, anaonyesha njia.

"Ndiye huyo," Bura akasema.

Askari akamtazama. Mtachoka alikuwa na manyoya mapya mwili mzima, kifua cheupe kama shuka ya Krismasi. Alisimama, akajinyoosha, akapiga miayo.

"Huyu?" askari akauliza. "Upele uko wapi?"

"Alikuwa nao."

"Mzee, mimi nimetumwa upele uliopo. Uliokuwepo siwezi kuupiga." Akamgeukia Bwana Mifugo, ambaye alikuwa amefika na kamba mkononi kama alivyoahidi. "Na wewe kamba ya nini?"

"Nilikuwa nimeahidi," akasema, akaikunja.

Askari akaniuliza mbwa anaitwa nani. Nikamwambia. Akarudia kwa sauti, na Paskalina, aliyekuwa amesimama kwenye ua wake, akarudia pia kwa sauti kubwa zaidi, na watoto wakaanza kuita. Bura alishuka njia ya kisimani, na jina lile likamsindikiza mpaka kwenye kona.

Kondoo waliongezeka. Shamba la juu ni langu mpaka leo. Mtachoka alikula ugali, viazi, mifupa, kila kitu ila ngano, akazeeka, akafa kifo cha usingizini chini ya ghala. Mkoa uligawanywa, tukawa Manyara, ofisi zikahamia Babati, wakaja mabwana mifugo wapya, vijana, wenye simu. Yeye alihamia Endagikot karibu na binti yake.

Juzi nilikwenda kumwona. Nilikuwa na mjukuu wa Mtachoka nyuma yangu, na kwenye mfuko maandazi ya iliki niliyoyapika mwenyewe kwa jinsi Mama Zuhura alivyonifundisha. Mama Zuhura alinipokea nje.

"Karibu, mama. Usimpe kitu. Ana sukari. Daktari amemkataza unga mweupe, amemkataza vitamu, na kuna mtu anamletea kwa siri, sijui ni nani."

Nikaushikilia mfuko. Mzee alikuwa kwenye kiti juani, masweta mawili, mguu mmoja umefungwa bandeji. Shikamoo. Marahaba, Mama Safari. Akanusa.

"Mfuko una nini?"

"Viazi."

"Viazi havinukii iliki."

"Uko kwenye mfungo, Bwana Mifugo."

"Kipande tu. Kidogo kama ukucha."

"Hicho nacho ni chakula. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Alicheka, kifua kikakohoa kwa kicheko. Mama Zuhura akaleta viazi vilivyochemshwa, tukamwekea mbele, na mimi na Mama Zuhura tukaenda kula maandazi nyuma ya nyumba asituone. Tuliporudi alikuwa anatafuna kiazi polepole, na mbwa amekaa miguuni pake, kichwa upande. Mkono wa mzee ulikuwa umekaa gotini, umefumbwa. Hakumpa kitu.

Nikamwambia kwamba naandika habari za watu walionikosea, na kwamba yumo. Hilo lilimshtua.

"Umenitaja?"

"Sijakutaja. Nimeandika Bwana Mifugo tu."

"Mbona? Nilikosa. Nitaje."

"Wewe ulitembea mpaka kwa Paskalina ukasema mwenyewe. Nimewataja ambao hawajaja kusema."

Akafikiri. "Bura yuko hai?"

"Yuko. Anatembea na fimbo. Bado anapita mbele yangu kwenda kisimani."

"Na akija?"

Nilimtazama mjukuu wa Mtachoka, ambaye naye, mtu akipita na fimbo, hukaa mlangoni bila kubweka. Nikamwambia, akija akasema, hata kwa neno moja, nitarudi mwanzo wa habari hii, kila penye Bura nitakata, nitaandika shemeji.

Hajaja. Kigoda nimekiweka nje.